Kudumu Ni Kudumu

Jumatatu, 3 Machi
Tiketi ninayo! Ijumaa napaa kwenda nyumbani. Jumamosi Mama anafunguliwa bandeji za macho, na ameapa uso wa kwanza kuuona uwe wangu, kitindamimba wake. Miaka sita hajaniona. Shemeji, kaka wa mke wangu, mtu anayeweka hata risiti za sabuni kwenye faili, akauliza kama nimetazama tarehe ya kadi yangu ya ukaazi. Nikamcheka. Kadi imeandikwa "mkaazi wa kudumu". Kudumu ni kudumu! Kijicho tu hicho.

Jumanne, 4 Machi
Nimetazama. Kwa siri, chooni. Muda wake uliisha Novemba! Lakini kilichoisha ni plastiki, si mimi. Nimebandua kikaratasi cha nembo kwenye ganda la chungwa, nikakibandika juu ya tarehe. Kimekaa vizuri mno. Mke wangu akasema nitaumbuka. Nikamwambia aache uchuro.

Jumatano, 5 Machi
Nimeumbuka. Nilikwenda kuthibitisha safari, dada wa kaunta ya tiketi akakibandua kikaratasi kwa ukucha mmoja. Akasema ukaazi ninao bado, ila bila kadi hai hakuna ndege itakayonirudisha huku kwa mke na kazi. Kadi mpya ni wiki sita. Nimelia kwenye lifti. Mama atafumbua macho amwone jirani!

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kanipitia asubuhi na faili lake. Ndani: picha zangu mbili, nakala ya tiketi, barua ya daktari wa Mama. Aliiomba tangu wiki iliyopita, mjuaji yule! Kumbe uhamiaji wanatoa kibali cha dharura cha kurudia huku bila kadi. Ofisa akaisoma barua mara mbili, akagonga muhuri. Nikamkumbatia Shemeji mbele za watu. Nampenda sana, ila asijue.

Jumamosi, 8 Machi
Bandeji zimetoka. Mama akanikodolea, akanishika mashavu, akasema nimezeeka. Tukalia wote, hata nesi.

Jumapili, 9 Machi
Sasa Mama anataka kumwona dada yangu, nchi ya jirani, saa moja kwa ndege. Nimeshakata tiketi, tunarudi Alhamisi. Shemeji kapiga simu, anafoka kwamba kibali kinakoma Jumatano. Maskini, kusoma kote kule! Kimeandikwa "dharura". Tangu lini dharura ikawa na tarehe?