Bloki yetu yote ndani ya nukta moja

Leo nimeona haya mbele ya kambi yote ya Mugunga. Mwenye kunijua anajua mimi si mutu wa kuona haya ovyo. (Shule niliishia mwaka wa pili, mwalimu alipenda fimbo kuliko chaki, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Iko hivi. Kuna musichana, mademoiselle Furaha, anasoma université hapa Goma. Alipita kambini kuuliza kila nyumba: mukubwa wa nyumba ni nani, maji munachota wapi, munalala juu ya nini. Kazi yake ndiyo itawaonyesha wenye kuleta bomba la maji ni bloki gani, yaani sehemu gani ya kambi, inateseka zaidi. Na sisi tunateseka. Bibi yangu wa ndoa, Kavira, anapanda kutoka ziwani na bidon ya maji mugongoni, kamba kwenye paji la uso, juu ya yale mawe ya volkano yanayokula viatu.

Basi mimi, prezida wa bloki, kabla hajafika nikakusanya watu. Tangu vita itutoe Rutshuru tumeulizwa sana, na nimejifunza: mukijibu mbalimbali, huyu anapata, yule anakosa, munagombana. Nikawaambia, "Sote kinywa kimoja. Mukubwa wa nyumba ni mujane. Maji, ziwani. Kitanda, hakuna." Wajane wanahudumiwa kwanza, kila mutu anajua. Siku ya maswali wanaume wote tulienda kujificha kule kwenye ziwa dogo la Lac Vert. (Papa Bahati, jirani yangu, alinichosha huko na habari za mbuzi aliyemuacha Rutshuru. Mbuzi muzuri kweli. Nilimuona.)

Leo asubuhi Furaha akatuita tusikilize yale aliyoyapata. Nikaja na kofia, nikaketi mbele kabisa. (Hapo ndipo akili iliniacha. Marehemu gani anaketi mbele?)

Furaha akaeleza kwanza vile alichagua njia ya kazi. Mwenzake wa chuo alitaka kuyapa majibu namba: mwenye bwana apewe moja, mujane apewe mbili, halafu ajumlishe na kugawa.

"Ingetoka moja na nusu," akasema. "Sasa mutu wa moja na nusu ni nani?"

"Nusu mujane," nikajibu kwa sauti. Watu wakacheka. Nikajisikia mutu mukubwa.

"Ndiyo hivyo, muzee. Ujane haujumlishwi. Kwa hiyo nimechukua njia nyingine, ile inatazama majibu yote pamoja na kuona jibu gani linatembea na jibu gani."

Akatundika karatasi kubwa juu ya shitingi, ile turubai ya hema. Nukta tu, kama maharagwe yaliyomwagika. Kila nukta ni nyumba. Nyumba zilizojibu karibu sawa zinakaa karibu, zilizojibu tofauti zinakaa mbali. Nikatafuta bloki yetu mpaka macho yakauma.

"Mademoiselle, sisi tuko wapi?"

Akaonyesha nukta moja, pembeni kabisa, peke yake.

"Hiyo ni nyumba ya nani?"

"Ya ninyi wote, papa. Mumejibu yale yale kwa kila swali, ndiyo mukaangukia pahali pamoja."

Ndugu zangu, nilidhani ni sifa. Nikasimama, nikavua kofia, nikasema, "Ni mimi niliwafundisha."

Mademoiselle akanigeukia.

"Uliwafundisha kujibu?" Furaha akauliza polepole. "Papa, bloki yenu yote ni wajane. Wewe unakaa nyumba gani?"

Kavira akainuka kule nyuma.

"Yangu," akasema. "Ni bwana yangu, marehemu. Vita ilimuua. Ila anakula sana."

Watu wakajiangusha kwa kicheko. Papa Bahati, naye marehemu, akacheka mpaka akakohoa.

Furaha hakucheka. Akasema majibu ya kufundishwa hayamuonyeshi kitu, ile nukta ataitoa. Maana yake bloki yetu haimo, na bomba litaenda kwa wengine. Mimi, wa kuwasaidia, ndiye nimewafuta.

Ni Kavira tena aliongea. "Mutoto wangu, maji tunachota ziwani kweli. Hapo hatukudanganya. Rudi utuulize upya, kila mutu na jibu lake."

Furaha akamutazama paji la uso, pale kamba ilipoacha alama. Akakubali: kesho asubuhi, na wanaume wabaki nyumbani.

Njiani nikamuuliza Kavira, "Kesho utasema niko muzima?"

"Nitawaza kwanza. Mutu muzima anaonekana kwa kazi."

Kwa hiyo ninyi mulioniona jioni hii kati ya mawe, bidon mugongoni na kamba kwenye paji kama mama wa watoto, nawaomba musicheke. Marehemu anachota maji, apate kufufuka kesho.