Kiti cha Bingwa na Chura wa Bwawani

Kinyozi alimaliza kichwa cha mteja, akatoka nje na taulo begani na simu mkononi, uso wa mtu mwenye habari inayomuwasha.

"Sikilizeni dunia ilipofika," alisema. "Kuna mchezo wa mtandaoni, wa zamani, wa mapanga na mazimwi. Mtu anacheza na wenzake wa dunia nzima. Ukifa humo unapoteza kila kitu ulichochuma. Sasa wenye mchezo wameingiwa na huruma, wametangaza kwamba kuanzia sasa ukifa hupotezi hata kifungo. Wachezaji wamefanya nini?"

"Wameshukuru," alisema Rufaa.

"Wamegoma. Wanadai mateso yao yarudishwe."

Rufaa alicheka mpaka akashika kiuno. Kiuno chenyewe hakikuhitaji kicheko kuuma, kwa sababu alikuwa amesimama hapo kila alipopata nafasi tangu Jumatatu, na leo ilikuwa Alhamisi.

Rufaa ni fundi cherehani, na duka lake linatazamana na la kinyozi. Jina hilo alipewa kwa kuwa hajapata kukubali hukumu ya mtu yeyote bila kukata rufaa, iwe ya mke, ya daktari au ya mwamuzi wa mpira. Hapo nje kwa kinyozi pana benchi la mbao, ubao wa drafti unaochezwa kwa vizibo vya soda, na kiti kimoja cha maana, chenye egemeo na mahali pa kuwekea mikono. Kiti hicho hakikaliwi kwa umri wala kwa cheo. Ukicheza na bingwa ukashinda, unakikalia wewe. Ukishindwa, unasimama, na benchi huligusi hata kwa kona ya suruali mpaka siku utakayoshinda. Na mchezo unapewa mmoja tu kwa siku.

Sheria hizo alizitunga Rufaa mwenyewe, zamani akiwa kitini. Zilimpendeza sana wakati huo. Jumatatu Mama Kahawa, ambaye watu walidhani anajua birika na vikombe tu, alimmaliza huku akimimina kahawa kwa mkono wa pili, akahamia kitini na jiko lake la mkaa likahamia ubavuni pake.

Lingekuwa jambo la kuvumilia, kama si mkwe. Baba wa kijana anayemchumbia binti yake, mkuu wa shule mstaafu, mtu asiyecheka hovyo, alikuwa anakuja alasiri hiyo ili waongozane nyumbani kupanga siku ya harusi. Na Rufaa, kwa mdomo wake mwenyewe, alikuwa amemwambia kwenye simu: "Ukifika kwa kinyozi, mkwe, usihangaike kuuliza. Tazama kiti kikubwa. Hapo ndipo ninapokaa, mimi ndiye mwenyekiti wa pale." Sasa jua linashuka, kiti kina mtu, na mchezo wake wa leo hajaucheza. Roho ilikuwa juu.

"Hao ni wagonjwa," alisema, akijisahaulisha. "Mtu anakuibia, siku akiamua kuacha wizi unamwandamania? Unamwambia rudi, bwana mwizi, mlango uko wazi?"

"Siyo wizi," ilisema sauti kutoka kwenye benchi.

Wote waligeuka. Aliyesema ni Barafu, fundi wa mafriji, kijana mpole ambaye kazi yake hapo huwa ni kunywa kahawa na kutikisa kichwa. Drafti hachezi. Alikuwa ameinamia kikombe chake, na masikio yamemwiva.

"Wewe umejuaje?" aliuliza kinyozi.

"Nimo," alisema Barafu. "Na mimi nimetia sahihi madai hayo. Yarudi kama yalivyokuwa."

Kinyozi akalivuta taulo kutoka begani, akaketi. Mama Kahawa akaacha kupepea mkaa.

"Mwanangu," alisema, "unateswa huko, na hujatuambia?"

"Ngoja nipange kete," alisema Rufaa. "Mama, tucheze mchezo wangu wa leo huku huyu mgonjwa akijieleza. Nina haraka."

Alichuchumaa mbele ya ubao, kwa kuwa aliyesimama hana ruhusa ya kukalia chochote hata akicheza. Nayo ni sheria yake.

"Haya, jieleze," alimwambia Barafu, akisukuma kizibo cha kwanza. "Hayo mateso yenyewe yakoje?"

"Kwanza unazaliwa na kijiti."

"Kijiti?"

"Kijiti na kaptula. Unapiga panya. Unapiga panya wee, miezi, ndipo unapata viatu. Mimi nilikaa mwaka mzima kuitafuta ngao moja ya shaba. Siku nilipoipata nilizima friji ya mteja kwa furaha, badala ya kuiwasha."

"Friji ya nani hiyo?" aliuliza kinyozi kwa haraka. Yake ilikuwa imelala kwa Barafu wiki nzima.

"Ya mtu mwingine. Sasa, siku ya pili nikaenda bwawani na ngao yangu. Nikafa."

"Ulikufaje?"

Barafu alitazama pembeni. "Kuna chura."

Rufaa aliinua kichwa taratibu. "Umesema nani?"

"Chura."

"Wewe, mwanamume na ndevu zako, una ngao ya shaba, umeuawa na chura?"

"Ni chura mkubwa."

"Mkubwa kiasi gani?"

"Sasa ukubwa wa chura unatusaidia nini hapa?"

Kinyozi alikuwa ameshaanza kufuta machozi kwa taulo la wateja. Mama Kahawa alisukuma kizibo chake bila kuutazama ubao, akasema, "Endelea, mwanangu. Usiwasikilize."

"Ukifa, maiti inabaki palepale na vitu vyako vyote. Wewe unaamkia mjini, mbali, na kaptula yako. Ukivitaka, vifuate kwa miguu. Usipowahi, maiti inaoza na vitu vinaoza nayo."

"Na hao mazimwi njiani?" aliuliza Mama Kahawa.

"Wapo. Wanakuona unavyopita uchi. Nikafa tena kwenye daraja la kwanza. Nikafa tena msituni. Nilipofika bwawani nikamkuta chura amekaa juu ya maiti yangu."

"Amekaa tu?" aliuliza kinyozi.

"Ametulia. Amepumzika."

"Mvumilivu hula mbivu," alisema Rufaa, "lakini hizo zako kala chura." Alikula kizibo kimoja cha Mama Kahawa, na moyo wake ukachangamka. Mara hii, alijisemea, mara hii kiti kinarudi kabla mkwe hajakunja kona. "Sasa niambie raha iko wapi hapo. Mimi ni mtu wa haki, nakusikiliza. Raha iko kwenye daraja au iko chini ya chura?"

Barafu alizungusha kikombe. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue alionekana kukasirika.

"Michezo ya siku hizi ninayo pia. Ukifa unaamka palepale, umevaa viatu vyako, na muziki unapigwa. Unasukumwa mbele kama mzigo kwenye toroli. Nimeimaliza mingi na sikumbuki hata mmoja. Lakini lile bwawa nikifumba macho naliona, najua kila jiwe. Ngao ikiwa haiwezi kupotea, Mzee Rufaa, hiyo siyo ngao, ni picha ya ngao."

"Maneno hayo. Mama, cheza."

"Na kuna kitu kingine. Nilipokuwa nimejificha kwenye majani, kaptula imenilowa, akaja mtu. Simjui. Mchezoni anajiita Bibi Kizee, huenda ni mwanamume wa miaka ishirini, huenda yuko upande wa pili wa dunia. Ana taa. Akaniandikia, 'Mimi huyu chura ameniua mara kibao. Pita kushoto, mimi nitampigia kelele.' Akapiga kelele. Chura akamfuata. Akamuua."

"Alimuua chura?" aliuliza kinyozi kwa matumaini.

"Chura alimuua yeye. Lakini ngao nilishaichukua. Basi nikageuka nikaenda kumchukulia na yeye vitu vyake, ikawa mimi nami nakufa, yeye anarudi. Tulikesha hivyo. Tangu hapo akiniita nilikuwa naacha chakula mezani. Sasa mtu hapotezi kitu, nani atamhitaji nani? Bibi Kizee hajaonekana tangu walegeze sheria. Nadhani ameondoka."

Sauti yake ilishuka pale mwishoni, na hakuna aliyecheka. Ilikuwa wazi kwamba Barafu amefiwa na mtu asiyemjua jina.

Rufaa aliona kicheko kinamponyoka, na yeye hapendi baraza limponyoke. Akamgeukia Barafu, akanyoosha mkono kwa madaha. "Kwa hiyo tuseme, waheshimiwa, huyu bwana analipenda bwawa kwa sababu chura..." Mkono ulipokuwa unarudi, kidole kikagonga kizibo cha pembeni.

"Umegusa," alisema Mama Kahawa.

"Nimepitia tu."

"Ukigusa umecheza. Nani alisema hivyo, kinyozi?"

"Mzee Rufaa alisema," alijibu kinyozi. "Hata aliandika kwa chaki ukutani. Mvua ndiyo iliyofuta."

"Nakata rufaa."

"Kwa nani?" aliuliza Mama Kahawa kwa upole, akala vizibo vitatu kwa mkupuo mmoja, akapata kingi, na mchezo ukaishia hapo.

Rufaa aliinuka, magoti yakalia. Alitazama kona ya barabara. Kwa mbali, mtu mrefu mwenye koti na mwavuli usio na kazi alikuwa anavuka kwa hatua za mtu aliyezoea kukagua foleni ya wanafunzi. Mkwe.

"Ndiye yule?" kinyozi alinong'ona. "Basi kaa, bwana. Mkwe ni mkwe. Kaa kitini kidogo, akiondoka utasimama."

Mama Kahawa alikuwa ameshanyanyuka. "Kaa, baba. Sisi si mahasimu. Nitasema mimi nimekuja kuuza kahawa tu, na wala si uongo."

Kiti kilikuwa wazi, egemeo lake linang'aa kwa migongo ya miaka. Rufaa alikitazama. Alikitamani mpaka mate yakamjaa. Kingemwondolea aibu, kingempumzisha kiuno, na binti yake angeolewa kutoka kwa mwenyekiti. Alipiga hatua moja. Kisha akasimama.

"Kiti cha kupewa?" alisema. Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Nikikalia hicho leo, Mama, kesho nitakuwa nakushinda nini? Rudi ukae."

"Mzee, mkwe anakuja..."

"Nimesema kaa. Mnataka kuniharibia mchezo?"

Hapo ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Kinyozi aliuma taulo. Mama Kahawa alijishughulisha na birika, akasema peke yake kwamba nyani haoni kundule. Barafu alisogea tu kwenye benchi, akamtazama Rufaa kwa macho ya mtu aliyekutana na mtu wa kwao ugenini, na Rufaa akaona heri angetukanwa.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Mimi sijauawa na chura."

Mkwe alifika, akasalimia kila mtu kwa mpangilio, akakitazama kiti kikubwa, akamtazama Mama Kahawa aliyemo ndani yake, kisha akamtazama Rufaa.

"Mkwe. Nilitafuta kiti kama ulivyonielekeza."

"Ndicho hicho," alisema Rufaa. Uso ulimuwaka. "Kilikuwa changu. Mama huyu amenishinda drafti Jumatatu, na leo amenishinda tena. Hapa anayeshindwa hakai. Ndiyo maana unaniona nimesimama. Nilipokupigia simu nilijua, nikaona haya kukwambia."

Mkwe alikitazama kiti tena, kisha akaitazama miguu ya Rufaa. Rufaa aliiona harusi ikiondoka na mwavuli ule.

"Hakai kabisa?" mkwe aliuliza mwishowe.

"Kabisa."

"Hata akiwa mtu mzima?"

"Hata akiwa mgonjwa."

Mkwe aliegemeza mwavuli ukutani. Alivua koti, akalikunja, akampa Barafu alishike. Kisha akachuchumaa mbele ya ubao, taratibu, kwa mafungu.

"Nilikuwa bingwa chuoni," alimwambia Mama Kahawa. "Panga kete, mama. Mkwe wangu hawezi kusimama namna hii nami nikiangalia."

Kinyozi alisema baadaye kwamba amewahi kunyoa ndevu kwa muda mrefu kuliko mchezo ule. Mama Kahawa alimimina vikombe viwili katikati yake na kurudisha chenji ya mpita njia. Alipokula kizibo cha mwisho alisema, "Pole, mwalimu," na alimaanisha.

"Mzee, wewe mgeni," kinyozi aliharakisha kusema, akipangusa benchi kwa taulo. "Sheria haimhusu mgeni. Karibu uketi, upumzike."

Mkwe aliinuka kwa kushikilia bega la Barafu. Alilitazama benchi lililopanguswa kana kwamba ametukanwa.

"Hapana," alisema, akaenda kusimama kando ya Rufaa, mgongo ukutani, mikono nyuma. Wakabaki hivyo, wazee wawili wima, wanaitazama barabara, na simu ya Rufaa inaita mfukoni kutoka nyumbani ambako chai ilikuwa inapoa.

"Ile kete ya pembeni," mkwe alisema chini chini. "Nisingeisogeza."

"Hiyo hiyo ndiyo iliyoniua mimi leo," alisema Rufaa. "Ukifika pale pita kushoto."

Barafu alishusha kikombe ghafla na kumtazama, lakini Rufaa hakumwona.

"Kesho mnafungua saa ngapi hapa?" aliuliza mkwe.

"Saa mbili," alisema Rufaa. "Lakini utacheza nyuma yangu, mkwe. Mimi nimeteseka zaidi."