Samaki Wenye Meno Mazuri

Jumatatu, 10 Juni 2013

Siku yangu imefika! Mama Aregae, mwenye hoteli hii ninayofanya kazi mapokezi, ametangaza kwamba atachagua meneja. Tuko wawili tu. Mimi Lochakapong, mtu wa kalamu. Na Ekiru mpishi, mtu wa sufuria. Wiki ijayo wanakuja wakubwa wa shirika moja kutafuta hoteli ya kulaza wageni wao mwaka mzima hapa Kakuma. Atakayewavutia ndiye meneja. Na meneja anapewa chumba chenye feni! Changu mimi kina popo.

Nikamwambia Mama dawa ninayo. Yule mzungu aliyehama juzi ameacha tangi kubwa la kioo la kufugia samaki. Tuliweke mapokezi, tulijaze samaki wa rangi rangi. Mgeni akiona samaki wanaogelea, roho inatulia, anasaini. Mama akauliza kama najua kufuga samaki. Nilicheka. Mtu aliyekua na mbuzi zizini atashindwa na samaki? Ekiru akachungulia kutoka jikoni akauliza watakaangwa lini. Mshamba!

Jumatano, 12 Juni, Lodwar

Niko njiani kwenda ziwani. Jua la hapa halina adabu. Nimeingia saiba nisome mambo ya kitaalamu. Mtandao unasema si kila samaki anakaa na kila samaki. Chagua wanaopatana. Kabla ya kuchagua, angalia kwanza... Stima ikapotea! Kwanza nini? Nimengoja mpaka mwenye saiba akafunga mlango, akaniambia stima ya Lodwar haimpi mtu ahadi.

Baadaye nimewaza nikaona sihitaji mtandao. Cha kuangalia kwanza ni nini kama si meno? Baba hakununua mbuzi hata mmoja bila kumfungua mdomo. Meno yamejipanga vizuri, mnyama ni kijana, ataishi. Meno yamelegea, mwachie shemeji.

Alhamisi, 13 Juni, Kalokol

Salamu kwanza, ejok hapa, ejok pale, kisha kazi. Nimefungua midomo ya samaki mpaka wavuvi wakaita wenzao waje kuona. Mzee mmoja akauliza kama mimi ni daktari wa meno wa serikali. Nikamwambia ni zaidi ya hapo.

Kwanza wakaniletea tilapia wadogo. Aibu! Vibogoyo watupu. Nimechukua kadhaa kwa huruma tu, maana wana rangi. Halafu wakanionyesha samaki wanayemwita lokel. Mungu wangu, meno! Marefu, meupe, yamefungana kama zipu. Nikachukua wawili papo hapo. Mvuvi akasema samaki huyo hakai na mwenzake. Nikamweleza kwamba hata mbuzi wageni hupigana siku ya kwanza, kisha huzoeana. Akatazama wenzake, akapokea pesa. Hana hoja.

Mwisho nimepata kasamaki kenye madoa, kakikasirika kanajaza tumbo kama mpira. Meno yake ni manne tu, lakini ya maana. Kameninyofoa kipande cha kidole. Kana afya nzuri.

Ijumaa, 14 Juni

Nimefika Kakuma na mitungi yangu, juu ya lori la samaki wakavu, na samaki wangu wote wako hai. Tangi limejaa. Uzuri ulioje! Nimewaita wafanyakazi wote nikamtoa lokel mmoja, nikamfungua mdomo ili waone mtu anayejua kuchagua mifugo. Ekiru akasema yeye anaangalia minofu. Nilimhurumia.

Nyakuoth, dada wa kambi ya wakimbizi anayeuza mandazi langoni kwetu, naye akaja kutazama. Akasema, "Hii ya meno iko na njaa sana." Nikamwambia si njaa, anasalimia wenzake. Tilapia wote wamejibana kwenye kona moja. Hilo nalo ni la kawaida, wageni wa ukoo mmoja hukaa pamoja mpaka wazoee.

Jumamosi, 15 Juni

Wizi! Tilapia wamepungua! Na waliobaki, baadhi hawana mikia. Nimekaa chini nikafikiri kama askari. Nani kwenye hoteli hii ana kisu? Nani hupunguza mwendo kila akipita karibu na tangi? Ekiru! Mchezo wake nimeujua. Anakata mkia kwanza, anaonja, akiona ni mtamu anarudi kumaliza mwili.

Nimemshtaki kwa Mama. Ekiru ameapa kwa kaburi la mamake kwamba hajagusa hata maji. Mama akataka ushahidi. Ushahidi! Anasahau mimi ni Mturkana, nyayo za ngamia aliyepita juzi nazisoma kama gazeti. Nimemwaga jivu kuzunguka tangi lote. Kesho nyayo zitasema.

Jambo moja la kutia moyo: lokel wote wawili wamenenepa. Hewa ya Kakuma imewakubali.

Jumapili, 16 Juni

Nimemkamata! Nyayo kwenye jivu, wazi kabisa. Akala, vile viatu vya tairi. Kisigino cha kushoto kimelika. Mtu mzito, anatembea kifua mbele. Nimezifuata kwa ustadi, ukumbini, uani, nyuma ya tangi la maji, zikanileta moja kwa moja mpaka mlangoni pangu. Akala zenyewe ziko chini ya kitanda changu, zimejaa jivu. Ujanja ulioje! Ekiru amevaa akala zangu, ameiba, amezirudisha. Ni kweli nami niliamka kidogo kwenda kuona kama jivu limekaa sawa. Lakini hilo halihusiani.

Nimemwambia Mama, ama mimi ama yeye. Alikuwa ndio kwanza ametoka kanisani, kichwa kinamuuma, akasema basi Ekiru apumzike nyumbani mpaka wageni waondoke. Ekiru akavua aproni, akaikunja, akaiweka mezani. Ana watoto wanne na mmoja ananyonya. Nimesikia kitu kikinichoma kifuani. Ni kiungulia, nadhani.

Jumatatu, 17 Juni

Niandike haraka kabla sijaghairi.

Wakubwa wa shirika walifika. Nilivaa tai. Niliwasimamisha mbele ya tangi nikatoa hotuba. Nikasema, wageni wetu, hapa Kakuma tunaishi watu wa mataifa mengi kwa amani, na hawa samaki ni mfano. Tazameni! Wakatazama. Lokel akamgeukia tilapia wa mwisho, akampiga domo moja. Mkia ukabaki nje, unacheza. Mama mmoja wa shirika akapiga yowe. Kale kenye madoa kakaja kakaukata huo mkia. Nikasema hiyo nayo ni namna ya kusalimiana.

Hapo wageni wakauliza chakula. Chakula! Nilikuwa nimemfukuza mpishi. Nikaingia jikoni mwenyewe, wali ukaungua chini huku juu ni mbichi. Mama Aregae akatuma bodaboda mbio ikamlete Ekiru.

Ekiru akaja. Akafunga aproni. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimemaliza na hao samaki wangu. Nikampisha. Akawatoa lokel wote wawili, akawaweka kwenye ubao pale mbele za watu, akawapasua. Ndani ya wa kwanza, tilapia mzima kasoro mkia. Ndani ya wa pili, nusu, na mabaki ya wengine. Mama alitazama ubao. Kisha alinitazama mimi. Nilitamani kale kenye madoa kanimeze.

Wageni walikula wakalamba vidole. Wakasaini. Meneja ni Ekiru. Funguo amepewa mbele yangu, na chumba chenye feni.

Jioni alinipitishia sahani. Ndani kuna kichwa cha lokel, kimekaangwa. Akasema amenihifadhia meno. Nilitaka kumwomba msamaha. Nikasema pilipili imetosha. Nimeona aibu, kweli nimeona aibu. Sitarudia tena kumshuku mtu bure.

Alhamisi, 20 Juni

Mambo yanaanza kunyooka! Kale kenye madoa tumempa Nyakuoth akatusaidie kukatupa, na tangi sasa linawekwa vitunguu. Ekiru hana kinyongo, amenipa kazi mpya, ya kuangalia banda la vifaranga nyuma ya jiko. Nikaona wananyong'onyea, hawana mlinzi. Nimewatafutia mwenzao, mwewe kijana, nimemnunua kwa wachungaji. Kucha zake ni safi sana! Nimemweka katikati yao ili wazoeane, naye ametulia, anawahesabu mmoja mmoja kwa upendo.

Nimetoka kuwaangalia sasa hivi. Wamepungua wawili. Na Ekiru nimemwona kwa macho yangu akipita karibu na banda na sufuria.