Gurudumu, Fisi na Ngoma ya Baba Mkwe

Alhamisi, 4 Julai 1974
Bundala, kiongozi wa Bagalu, kundi la ngoma linaloshindana nasi, ameleta fisi. Fisi mzima, kamba shingoni! Jumapili ni Saba Saba, mashindano ya ngoma. Sisi Bagika tuna chatu mmoja, naye anasinzia. Na mimi na mdomo wangu nimeshaweka dau: atakayekimbiwa na watazamaji anatoa ngoma yake kubwa. Yangu ni ya marehemu baba mkwe. Mke wangu Milembe hajui. Nitamwambia tukishashinda.

Ijumaa, 5 Julai
Wokovu! Mpwa wangu Thomasi, fundi wa ndege za jeshi, yuko likizo. Anasema ndege ikikata kona kwa kasi, damu ya rubani hukimbilia miguuni, moyo unakosa cha kupeleka kichwani, rubani anazimia. Dawa yake: kaza miguu, kaza tumbo, bana pumzi. Akaanza mengine kuhusu sekunde tatu. Nilishaondoka. Gurudumu la mkokoteni nimelilaza juu ya kigingi. Nitalala kichwa katikati, miguu nje, wachezaji sita walizungushe kwa kasi ya ndege, nami nisizimie.

Jumamosi, 6 Julai
Thomasi ananifuata kila mahali. Eti kila sekunde tatu nitoe pumzi, nivute nyingine haraka, la sivyo kifua kitabana na damu haitarudi moyoni. Nimemwambia kupumua-pumua ni tabia ya watu wa ofisini.

Jumapili, 7 Julai
Bundala kanisalimu mbele za watu, mwadila mzee, akauliza kama nimeaga nyumbani. Nikapanda. Nikakaza. Kijiji chote cha Ngulyati kikahamia kwangu! Fisi kabaki na mwenyewe. Kisha rangi zikafifia. Giza.
Nilipoamka, fisi alikuwa ananinusa sikio, watu wanashika mbavu kwa kicheko. Athanasi, balozi wetu wa nyumba kumi, kaamua: watazamaji wamemfuata fisi. Ngoma imekwenda.

Jumatatu, 8 Julai
Justina wa zahanati kanisikiliza kifua. Kumbe naye ni Thomasi mtupu: moyo ulinyimwa damu ya kurudi, ningepumua nisingezimia. Milembe kanisemesha mara moja tu, kwamba yeye hufuata ngoma ya baba yake. Kabeba kigoda chake, kaenda kwa Bagalu. Naisikia kutoka kitandani. Wanaipiga vibaya.
Kosa nimeligundua. Katikati ya mzunguko nilimwona Milembe, nikatabasamu, pumzi kidogo ikatoroka. Mwakani nafunga mdomo kwa kitambaa. Na pua.