Kakakuona Aliyetoweka Bariadi

Jumatatu, 2 Februari
Balaa! Mama Marcelina, bosi wetu kwenye mradi wa wanyama adimu hapa Bariadi, katuambia mwisho wa mwezi nafasi inabaki moja. Mimi au Harieth. Harieth huyuhuyu aliyeingiza tai wa Meatu kwenye mfumo wetu wa kompyuta, na picha juu, akapigiwa makofi. Mimi nimeingiza nini? Na baba kule Karagwe keshatangaza kanisani kwamba mwanawe Ferdinand ndiye bwana wanyama wa Simiyu nzima. Nikishuka na begi nitamwambia nini? Ugali umenishinda.

Jumanne, 3 Februari
Akili hizi nilizificha wapi! Kwenye mfumo kila mnyama ana hali yake: salama, hatarini, hatarini sana, ametoweka. Kakakuona alikuwa hatarini sana. Harieth alipokwenda kunywa chai nikambadilisha: ametoweka. Nikatuma. Sasa namtafuta polepole, nampata, nakuwa mtu aliyemrudisha kakakuona Simiyu. Nani atanifukuza? Nimekula chipsi mayai na mishikaki.

Jumatano, 4 Februari
Makao makuu, watu ambao barua ya likizo wanaisoma mwaka mzima, hii wameisoma jana ileile! Mkubwa wao anakuja Ijumaa. Harieth kalia machozi ya kweli, akaniuliza nina uhakika gani. Nikamjibu sayansi inauma, dada. Halafu nikajifungia chooni.

Alhamisi, 5 Februari
Kijijini Nkololo kwa bodaboda. Jua kali, pamba imenyauka, mvua hakuna. Nimemwomba Maduhu, mkulima ninayemfahamu, akimwona kakakuona amfiche, aniite mimi tu. Kashangaa kabisa. Kasema kakakuona hafichwi, akionekana anapelekwa serikalini ili watu wote waone anatabiri nini. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nikichungulia vichakani. Nimerudi na mbigili kwenye suruali.

Ijumaa, 6 Februari
Mungu wangu, kwa nini mimi?
Mkubwa kaketi, soda mkononi, anasikiliza habari za msiba wa kakakuona. Mara vigelegele nje. Nkololo nzima! Mbele Maduhu na baiskeli, tenga nyuma, limefunikwa kanga. Wanasalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka, serikali iko wapi, tumeleta kakakuona! Kaonekana alfajiri kwenye pamba. Wakamwekea uani karai la maji la mvua, mtama wa mavuno na mkuki wa vita. Akaenda moja kwa moja kwenye maji. Mvua hiyo! Akina mama wakacheza. Mkubwa akauliza kama huyu anayekunywa ndiye aliyetoweka. Mama Marcelina akanigeukia. Na Maduhu, kwa wema wake wote, akapaza sauti kwamba bwana Ferdinand alikuwa na hamu naye mno, jana tu alimwomba yeye Maduhu amfiche.
Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Harieth akapiga picha. Nafasi ni yake. Nikarudi nyumbani nimelowa chapachapa, maana mvua nayo ilishuka kweli.

Jumatatu, 9 Februari
Nimelia Jumamosi, nimelia Jumapili. Baba kapiga simu, sikupokea. Leo asubuhi ndipo nimeliona kosa langu. Si uongo. Kosa lilikuwa kuchagua mnyama anayeenea kwenye tenga.
Nywila yangu bado hawajaifunga. Harieth kaenda kunywa chai.
Tembo: ametoweka. Haya, Maduhu, mlete na baiskeli.