Kisu cha Mkate wa Mavuno na Neno Mlilotuharibia

Ndugu Mhariri wa Kamusi,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe unalala vizuri, maana mimi usingizi umenipaa tangu Jumapili. Siku hiyo Kasisi wetu hapa kijijini Nether Tarrow alitangaza kwamba mwaka huu, kwenye karamu ya mavuno Jumamosi ukumbini, Bwana Giles Lathbury ndiye atakayekata mkate wa mavuno, ule unaookwa kwa umbo la mganda wa ngano, kwa sababu "anastahili". Alitumia kitenzi chetu kile cha Kiingereza, deserve, mbele ya madhabahu, bila hata kukohoa. Kisu cha kuukata nimekingoja tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi! Nikarudi nyumbani na hasira zangu, nikafungua kamusi yenu, nikaona mharibifu ni wewe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Juu kabisa mmeandika kwamba maana yake ni kuwa na haki ya kupata kitu. Haki ipi, na nani kaitoa? Chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, mnakiri kwamba neno lilitoka kwa Walatini, likapitia kwa Wafaransa, na kwamba asili yake ni kutumikia vizuri, kwa bidii. Kutumikia, Ndugu! Ukweli mmeuweka uani, upuuzi mmeukaribisha sebuleni.

2. Kwa uzembe huo, siku hizi kila mtu anastahili. Tangazo la sabuni linamwambia mwanamke anastahili povu. Jirani yangu, ambaye hajawahi kuchoka na chochote, anasema anastahili likizo.

3. Giles amestahili kwa lipi? Kwa boga. Kubwa, sikatai, lilifikishwa kwenye maonyesho ya mazao kwa toroli. Lakini lilinyweshwa na mvua, na mvua ya nchi hii haisubiri kuombwa. Juzi kwenye baa akanigonga bega: "Vipi, Mzee Cuthbert, boga langu bado linakukosesha usingizi?" Mjinga yule! Hajawahi kukunja hata kiti kimoja cha ukumbi wetu.

4. Mimi nimetumikia. Mkate wenyewe hutoka nyumbani kwangu kila mwaka. Dada yangu Hester anaukanda na kuuoka, nami nausimamia. Supu ya karamu ni yetu pia: Hester anapika, mimi natoa ushauri kuhusu chumvi. Baada ya karamu sitoki jikoni mpaka Hester amalize vyombo. Jana nikamsomea hoja hizi zote. Akasema, "Sawa, kaka, ila inua miguu nifagie." Ndivyo walivyo watu wasiojali asili ya maneno.

Kwa hiyo naomba maana ya zamani irudishwe juu, kwa herufi nene. Naomba pia anayelitamka neno hili bila alama ya kazi mikononi azuiwe kusema chochote hadi Krismasi, Kasisi akiwemo. Mwisho, tuma ofisa wako Jumamosi aje na kamusi, amwondoe Giles kwenye kiti cha mbele, aulize hadharani: nani ametumikia? Huyo apewe kisu. Atanitambua kwa tai ya kijani.

Wasalimie wote hapo ofisini, hata yule aliyechagua herufi za sisimizi.

Wako kwa maana ya zamani,
Cuthbert Pellow

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado mfukoni siku ya karamu, na ofisa simwoni, nikaona niisome mwenyewe kwa sauti. Nilipofika pale pa nani ametumikia, ukumbi mzima uligeuka, lakini si upande wangu. Wakamtoa Hester jikoni na aproni yake, mikono imejaa sabuni. Giles mwenyewe akamvutia kiti. Hester akakata mkate, watu wakapiga makofi, akaketi na hakuinuka tena. Akaniambia, "Kaka, vyombo viko kwenye beseni." Tafadhali, Ndugu Mhariri, liache neno kama lilivyo. Naandika haraka, maji yanapoa.