Vuguvugu la Kuwapinga Wavuguvugu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Usaliti. Nimeusikia leo kwa masikio yangu mwenyewe, katika ukumbi wa Mama Hélène pale Doornfontein, na mpaka sasa sijatulia. Mselem, mwenyekiti wa tawi letu la Johannesburg la Chama cha Mizizi, ametangaza kwamba Jumapili tutatembelewa na Mheshimiwa Ahmad, mbunge wetu kutoka nyumbani. Hapo sawa. Halafu akaongeza, kwa ile sauti yake ya kupoza uji, kwamba amewaalika na wenzetu wa Chama cha Upeo waje tunywe nao chai.

Wenzetu! Upeo!

Chama cha Mizizi kilisimama juu ya mambo matatu: adabu, mila, na kutokaa meza moja na Upeo. Mimi ni mwanachama tangu niko Tanga, kabla sijaja kushona mapazia hapa Mayfair. Nimewaona waasisi wetu wakizunguka mtaa mzima ili wasipite mbele ya ofisi ya Upeo. Leo tuna mbunge aliyeulizwa bungeni kuhusu muswada wa mirathi, muswada wa Upeo, akajibu kwamba kila upande una hoja. Kila upande! Basi sisi tulimchagua wa nini?

Watu hawa hawachemki, hawapoi. Wavuguvugu.

Nimeamua. Mselem ataondoka, na ataondoka Jumapili, mbele ya huyo mbunge ili naye apate somo. Nimeshafungua kundi la WhatsApp. Jina: Vuguvugu la Mizizi. Mke wangu Zabibu aliliona akauliza kama hao sio hao hao ninaowapinga. Nikamfafanulia kwamba neno lina maana mbili: maji ambayo hayajachemka, na harakati za umma. Akasema ningetafuta neno lenye maana moja. Zabibu ni katibu wa akina mama wa tawi. Mwanamke hodari, lakini hana jicho la itikadi.

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi wa kwanza. Kundi limefurika. Sikujua kwamba Johannesburg ina watu wa msimamo wengi hivi. Wamo wa Mayfair, wamo wa Turffontein, wamo hata walinzi ambao hawajawahi kukanyaga mkutanoni. Nimeshinda kutwa naitazama simu. Nimekata pazia la mteja fupi kuliko dirisha lake, lakini historia haiandikwi kwa futi kamba.

Jioni. Kuna kasoro ndogo. Mselem mwenyewe amejiunga. Ametuma picha ya ua, kisha akaandika kwamba ananishukuru sana ndugu yake Twalib, maana muda mrefu watu wa kati walikuwa hawana pa kuzungumzia. Wakamwitikia wengi mno. Wengi kuliko walioniitikia mimi. Baadaye akaingia Bushra, yule muuza khanga rafiki wa Zabibu, ambaye ndiye mwenyekiti wa Upeo hapa mjini. Akauliza kama wageni wanaruhusiwa. Kabla sijapata miwani yangu alikuwa ameshakaribishwa.

Nilitaka kuwatoa wote. Nikapiga hesabu: nikiwatoa wavuguvugu wote, nabaki na Shehe muuza nyama na ndugu yake.

Nimewaacha. Jeshi ni jeshi. Na Mselem hajui kwamba ameingia mwenyewe ndani ya ngome ya adui.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya sala nilimvuta Shehe pembeni, nje ya msikiti. Shehe ni chuma. Karibu chuma mno. Anataka chai ya tawi ifutwe yote, ya kwetu na ya wageni, kwa sababu waasisi walikunywa maji. Anataka pia atakayechanganya Kiswahili na lugha nyingine mkutanoni atolewe nje. Nikamwambia sharp, yaani sawa kwa lugha ya mitaa ya huku. Lilinitoka tu. Akanitazama kama mtu aliyenikuta nakula mchana wa Ramadhani.

Kisha akaleta la binti yangu. Alimsalimu Sumaiya njiani kwa Kiswahili safi, naye akamjibu kwa Kizulu. Chama cha Mizizi kitaongozwaje na mtu ambaye mzizi wake mwenyewe unazungumza Kizulu? Nikamjibu kwamba ni mbinu, binti anajifunza lugha ya nchi ili asipitwe na jambo. Akaridhika. Hata mimi niliridhika.

Masharti yake: awe makamu wangu, na niape kwamba Upeo hawatagusa vikombe vyetu. Nimeapa.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikukuu ya wanawake nchini hapa. Upepo mkali, vumbi, baridi ya kukata masikio. Kura za akina mama ndizo zinazoamua, na kura za akina mama ziko jikoni kwangu zinakaanga sambusa. Nikaingia na lugha laini. Nikamweleza Zabibu umuhimu wa mabadiliko ya uongozi. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kugeuka.

"Baba Sumaiya," akasema, "chai na akina Bushra itabaki?"

"Itabaki."

"Na Mselem umemwambia unataka kiti chake?"

Nikasema siasa haiendi hivyo. Akanikumbusha nani alitupokea Park Station tulipofika na mabegi yetu, na tulilala sebuleni kwa nani majira yote ya baridi, Sumaiya akiwa mchanga, mke wa Mselem akimchemshia maziwa. Nikamjibu kwamba hilo hasa ndilo tatizo la Mselem: anampokea kila mtu. Zabibu akarudi kwenye sambusa zake. Nikabaki nimeshika mkasi, sikumbuki nilitaka kukata nini.

Basi Shehe nimemwahidi chai na Upeo haitakuwepo, na Zabibu nimemwahidi itakuwepo. Mtu asiyejua siasa ataona hapo mgongano. Tofauti ni hii: mvuguvugu anakubaliana na pande mbili kwa udhaifu. Mimi nimekubaliana nazo kwa nguvu.

Alasiri nimeshona bango. Mahameli nyekundu iliyobaki kwa mteja, herufi nyeupe za kuonekana tangu mlangoni: SI WETU WAVUGUVUGU. Nimelitia pete za pazia ili litundikwe kwenye bomba la dirisha kubwa la ukumbi. Kazi safi kuliko zote nilizofanya mwaka huu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeshinda! Naandika kwa mpangilio ili wajukuu waelewe.

Nilifika mapema nikatundika bango. Mama Hélène, mwenye ukumbi, ni Mkongo wa Lubumbashi, na siasa zetu hazimhusu. Alichoona yeye ni dirisha lenye ufa na kitambaa kizito. Nikiwa nje namsubiri mgeni, akalisukuma bango langu mpaka penye ufa. Nilipolalamika baadaye alinijibu, "Papa, baridi iko naingia. Rido njo ya kufunga." Rido kwao ni pazia. Na pazia ndiyo kazi yangu.

Shida ni kwamba mwanzo wa bango ulikunjamana. SI ikamezwa na mikunjo.

Mheshimiwa Ahmad akaingia amejifunika koti, mzee mdogo kuliko nilivyomwona kwenye picha. Akasimama. Akasoma dirishani: WETU WAVUGUVUGU. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akatuambia kwamba kule nyumbani Upeo wanamwita mkaidi na Mizizi wanamwita mwoga, na hata mwanawe hamtetei tena. Hakutegemea kwamba huku mbali, kwenye baridi hii, kuna mtu ameketi akamshonea neno la kumkumbatia. Akauliza ni nani. Kidole cha Zabibu kikanielekea. Nikakumbatiwa. Watu wakapiga makofi mpaka Mama Hélène akaja kuangalia kuna nini.

Sikuyumba. Nikasimama pale pale, machozi ya mbunge bado kwenye bega langu, nikaomba kura ya kutokuwa na imani na mwenyekiti. Mselem akainuka taratibu.

"Kura ya nini, ndugu zangu?" akasema. "Mimi tangu mwaka juzi naomba mtu wa kunipokea mzigo huu. Kazi hii ni ya kwenda kituo cha polisi, hospitali na makaburini. Twalib ana nguvu. Mpeni."

Akaketi, akajimiminia chai. Sikuwahi kumwona akijimiminia kabla ya wageni.

Mikono ikapanda yote. Wa Shehe, wa akina mama, wa mbunge. Hata Bushra aliinua wake, ambaye hana haki yoyote, na hakuna aliyemzuia. Nilikuwa nimeandaa hotuba dhidi ya watawala wanaong'ang'ania viti. Nikaisoma, ilikuwa nzuri mno kuachwa. Mselem aliipigia makofi kuliko wote.

Ikaja chai. Bushra akachukua kikombe. Shehe akanitazama. Zabibu akanitazama. Nikatangaza kwamba hii si chai ya pamoja. Ni chai mbili zinazonywewa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Niliona ni tamko la kiongozi. Shehe akachukua kofia yake, akafika mlangoni, akageuka.

"Twalib, wewe ndiye mvuguvugu."

Akatoka na ndugu yake. Nilimhurumia. Watu wasiojua kulegeza kamba huua chama.

Jumanne, 12 Agosti

Kazi imeanza. Asubuhi Zabibu akapokea simu: kijana mlinzi anayeitwa Adamu, mtu wa Upeo, amekamatwa kwenye msako kwa kuwa hati zake ameziacha nyumbani. Nikampigia Mselem, kwa heshima tu, kumjulisha kwamba mambo kama haya hayamhusu tena. Nikajikuta namuuliza kituo kiko wapi. Baada ya muda mfupi gari lake lilikuwa mlangoni kwangu.

Bushra akaleta hati. Mselem akazungumza na askari kwa Kizulu cha pole pole, akamuulizia mpaka watoto wake. Mimi nikasimama nyuma yao nikiwa na uso imara. Kabla ya adhuhuri Adamu alikuwa nje. Akanishika mikono yote miwili, akaniita Mwenyekiti, akalia. Mselem alikuwa ameshatangulia kuwasha gari.

Njiani tulisimama kwenye robot, taa za barabarani za huku, mimi na yeye mbele, wale wawili nyuma. Nikataka kumwambia jambo. Nikalitafuta neno lake. Taa ikawa kijani, akaondoa gari.

Kwa ufupi: siku ya pili tu ya uongozi thabiti, na matunda yameonekana.

Jumatano, 13 Agosti

Shehe amefungua kundi la kunipinga. Lina watu wawili. Sina muda nalo, kuna kubwa zaidi. Nimeletewa picha ya mwenyekiti wetu wa nchi nzima, yule wa Pretoria, yuko mezani na viongozi wa Upeo, sahani ya pilau katikati, anacheka. Anacheka mpaka magego yanaonekana. Kumbe ugonjwa unaanzia juu!

Mtu huyo hawezi kuachwa. Nikiwa mwenyekiti wa nchi nzima nitasafisha kila tawi. Nimeshamtumia ujumbe kwamba Jumamosi nitafika Pretoria na ujumbe mzito. Mselem amekubali kunipeleka kwa gari lake. Bushra naye atapanda, ana khanga za kupeleka huko. Nimemwambia akae nyuma. Zabibu anatufungia sambusa sote.

Nimewaonya wote watatu kwamba safari hii hakuna huruma kwa watu wa kati. Wamekubali. Mselem akauliza ajaze mafuta leo au kesho. Nimemwambia nusu leo, nusu kesho.